Mota ya foklifti kwenye guta: je, naifunga moja kwa moja kwenye betri?

*"Shikamoo mtaalamu. Niko Morogoro, nina karakana ndogo ya kuchomelea. Nimenunua mota ya foklifti kwa wauza vyuma chakavu, nzito kweli, tumeinyanyua watu wawili. Kibati chake kinasomeka 48 V, 4.5 kW, 118 A, mizunguko 1,800 kwa dakika, S2 60 min. Ina nguzo nne nene zilizoandikwa A1, A2, D1 na D2. Nataka kuifunga kwenye guta la kubebea saruji na mahindi. Betri ninazo nne za 12 V, 100 Ah, zilizotolewa kwenye mfumo wa sola. Nilijaribu kwa betri moja tu juu ya meza, mota ikaruka, ikawa inazidi kuongeza mwendo mpaka nikaogopa na kung'oa waya. Nikageuza chanya na hasi ili izunguke kinyume, ikazunguka upande uleule. Fundi mmoja ananiambia nifunge zote nne moja kwa moja kupitia sakiti breka ya nyumbani ya 63 A, maana betri ya 100 haiwezi kutoa zaidi ya ampea 100. Mwingine anasema niweke waya wa pasi katikati ili ianze taratibu. Kontrola nasikia ni ghali kuliko mota yenyewe. Je, naweza kuunganisha moja kwa moja? Na kwa nini hairudi nyuma?"*

Marahaba, kijana wangu. Nikujibu kwanza kwa ufupi. Ukifunga betri nne moja kwa moja, mota itazunguka na guta litaondoka, ila litaondoka kwa kuruka. Halafu siku likiwa tupu kwenye barabara tambarare, au cheni ikikatika, utakutana na tatizo la pili, ambalo mimi linanitia wasiwasi kuliko hilo la kwanza. Dalili yake umeshaiona pale mezani. Ulifanya vizuri sana kung'oa waya.

Kwa kunitajia herufi za nguzo umenirahisishia kazi. A ni amecha, ile sehemu inayozunguka. D ni fildi ya mfululizo, yaani koili nene zilizofungwa ndani ya ganda. Zingekuwa E, fildi yako ingekuwa ya sambamba. Zingekuwa F, ingekuwa fildi inayolishwa umeme wake peke yake, na baadhi ya foklifti zina mota za namna hiyo. Mota hiyo haifungwi kama hii yako, na inataka kontrola yake maalumu. Za Kimarekani huandikwa S1 na S2 mahali pa D (si ile S2 ya kwenye kibati chako). Yako basi ni ya mfululizo: umeme uleule unaopita kwenye amecha ndio unaopita kwenye fildi, hakuna hata ampea moja inayokwenda njia nyingine. Mambo yote yaliyokushangaza yanatoka hapo.

Nguvu ya kuzungusha inatokana na vitu viwili vinavyozidishana: sumaku ya fildi na mkondo wa amecha. Kwenye mota yako mkondo ni mmoja, kwa hiyo ukiongezeka mara mbili, sumaku inaongezeka mara mbili na amecha nayo mara mbili, na nguvu ya kuzungusha inapanda mara nne. Inaendelea hivyo mpaka chuma cha fildi kishibe sumaku, kisha ongezeko linapungua, ingawa halikomi. Ndiyo maana mota za aina hii ziliendesha tramu na treni za umeme kwa miongo mingi, zikiwemo treni za chini ya ardhi za London, na ndiyo maana stata za magari kwa muda mrefu zilitengenezwa hivi. Ukiwa na mzigo mzito uliosimama, hakuna mota ya kaboni (vile vipande vinavyogusa amecha na kuipelekea umeme) yenye ukubwa kama huo inayousukuma vizuri zaidi.

Hapohapo ndipo lilipo jibu la kurudi nyuma. Ulipogeuza chanya na hasi kwenye betri, uligeuza mkondo wa amecha na wa fildi kwa pamoja. Kaskazini ya sumaku ikawa kusini, na mkondo wa amecha nao ukageuka, kwa hiyo msukumo ukabaki upande uleule. Kwa sababu hiyohiyo mota ndogo za mfululizo za drili na blenda zinafanya kazi kwenye umeme wa TANESCO unaogeuka mara 100 kila sekunde. Ukitaka kinyume, geuza kimoja tu. Kwa kawaida mkondo ukitoka chanya unaingia A1, unatoka A2, unaingia D1, unatoka D2 kwenda hasi. Hamisha D1 ikae mahali pa D2, na D2 mahali pa D1, bila kugusa A, na mota itazunguka kinyume. Lakini fanya hivyo ikiwa imesimama kabisa. Ukigeuza huku magurudumu yanazunguka, mkondo utazidi hata ule wa kuanzia, na kaboni zitakuonyesha moto ambao hutausahau.

Sasa tuje kwenye mkondo wenyewe, maana hapa fundi wako wa kwanza amekosea kwa namna ambayo wengi wanakosea. Ile "100 Ah" ni kiasi cha umeme ulio ndani ya betri, na mara nyingi hupimwa kwa kuitoa polepole kwa saa 20, yaani ampea 5 tu kwa wakati. Haisemi chochote kuhusu mkondo mkubwa ambao betri inaweza kuutoa ghafla. Kinachoamua huo ni ukinzani wa njia nzima: ndani ya betri, kwenye nyaya, kwenye koili za mota. Ukinzani wa mota kama yako ni mdogo mno, tukadirie 0.025 ya omu. Betri nne zilizotumika kidogo tuzipe 0.024 kwa pamoja, nyaya na viungio tuvipe 0.003. Jumla 0.052. Gawanya 48 kwa hiyo, unapata zaidi ya ampea 900.

Hebu tulia na namba hiyo kidogo. Mota imeandikwa 118, nayo kwa dakika 60 tu mfululizo. S2 60 min maana yake ni hiyo, kwamba baada ya saa moja ya mzigo kamili inatakiwa ipumzike ipoe. Wewe utaipa mara saba au nane ya hapo kila unapoondoka. Kwa mzigo wake wa kawaida inatoa kama niutoni-mita 24 kwenye shafti. Kwa ampea 900, hata baada ya kuondoa hasara ya chuma kushiba, inaweza kutoa mara nane ya hiyo. Ukiwa na gia ya kupunguza 11 kwa 1, ekseli inapokea karibu niutoni-mita 2,000. Cheni ya guta haikutengenezwa kwa ajili hiyo, wala spoki, wala zile welding zako za kwenye ekseli, hata kama ni nzuri.

Kwa nini mkondo haubaki kwenye 900? Kwa sababu mota ikianza kuzunguka, yenyewe inakuwa dainamo. Amecha inakata sumaku na kuzaa volti zinazopingana na za betri. Ikifika mwendo wake wa kawaida inazaa kama volti 43, kwa hiyo kinachobaki kusukuma mkondo ni volti chache tu, na ndipo unaona 118 badala ya 900. Mota iliyosimama haizai chochote. Kila unapowasha ikiwa imesimama, au gurudumu likikwama kwenye shimo, umefunga shoti kwenye betri kupitia shaba.

Haya ndiyo matatizo ya kuanzia, na yanajulikana. Lile la pili limejificha zaidi. Volti pinzani zinatokana na mwendo na sumaku kwa pamoja. Kwenye mota yenye sumaku za kudumu, sumaku haibadiliki, kwa hiyo mota ina mwendo wake wa mwisho: volti zikilingana, inatulia. Ya kwako haina mwendo wake. Ukiondoa mzigo, mkondo unapungua; mkondo ukipungua, fildi inalegea kwa sababu ndiyo hiyohiyo; fildi ikilegea, mota inalazimika kuzunguka kasi zaidi ili izae volti zilezile. Inaongeza mwendo, mkondo unapungua tena, fildi inalegea tena. Kinachoizuia mwishoni ni msuguano wa beringi, wa kaboni na upepo wa feni yake tu.

Ndicho ulichokiona. Kwa volti 12 bila mzigo, mota kama yako hufika karibu na mwendo wake wa kibati, mizunguko 1,700 hivi, ndiyo maana hukuumia. Kwa volti 48 bila mzigo, hesabu inanipa kati ya 7,000 na 8,000. Hiyo ni karibu mara nne au zaidi ya mwendo wa kibati, na nguvu inayovuta shaba kuelekea nje hukua kwa mraba wa mwendo, yaani karibu mara 16 au zaidi ya ile ya mwendo wa kibati. Vipande vya komyuteta, ile silinda ya shaba inayoguswa na kaboni, vimeshikwa na maika na pete tu. Kimoja kikinyanyuka hata kwa upana wa unywele, kaboni zinavunjika. Koili zikitoka kwenye mifereji yake, amecha inajikaba ndani ya ganda na kusimama ghafla ikiwa na kilo zake zote. Usikae mbele ya mota ya namna hiyo. Drili na blenda zinanusurika kwa sababu ni ndogo na feni zake zinakula sehemu kubwa ya nguvu. Stata nayo inakaa bila mzigo kwa sekunde tu. Usizichukue kama ushahidi.

Kutokana na hayo kuna kanuni ya zamani ambayo mafundi wa mota wanaishika: mota ya mfululizo haifungwi kwa mkanda. Mkanda ukiteleza au ukichomoka, mzigo umeondoka. Tumia gia, au kaplingi iliyofungwa moja kwa moja kwenye difu, yaani gia za ekseli ya nyuma. Cheni ni afadhali kuliko mkanda, ila nayo hukatika, na guta lina uwezo wa kukata cheni kila wiki. Klachi usiweke kabisa.

Kuna jambo ambalo hata waliozoea mota hizi hulisahau. Guta tupu kwenye lami tambarare ni karibu sawa na mota bila mzigo. Tuseme umepanga gia ili mota ikizunguka 1,800 guta liende kilomita 20 kwa saa. Likiwa na mifuko kumi ya saruji likipanda mlima, litakwenda hivyo au chini yake. Likirudi tupu, kwa volti 48 kamili bila kitu cha kuzipunguza, litaendelea kuongeza mwendo mpaka upepo na matairi yalishike, na kwa makadirio yangu hapo ni karibu kilomita 40 kwa saa. Breki za guta unazijua wewe mwenyewe. Na hutakuwa na njia ya kupunguza zaidi ya kuzima na kuwasha, kila ukiwasha unapata mshtuko.

Sakiti breka ya nyumbani iache nyumbani. Nyingi zimetengenezwa kwa umeme wa kwenda na kurudi, ambao hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, na kila ukipita sifuri ile cheche kati ya meno ya swichi inapata nafasi ya kuzimika. Umeme wa betri haupiti sifuri. Cheche ikishawaka inaendelea, hasa ikiwa nyuma yake kuna koili za fildi zinazosukuma mkondo usikatike. Meno yanayeyuka, mara nyingi yanashikana, na hapo swichi unaizima kwa mkono lakini guta bado linakwenda. Hata breka za DC (umeme wa betri) za sola zilizoandikwa volti zake vizuri hazikuwekwa ziwe swichi ya kuwashia mota mara mia kwa siku. Zaidi ya hapo, ya 63 A itakatika kila unapoondoka, kisha utamwita fundi akuongezee nyingine kubwa, na hapo ndipo moto huanzia.

Waya wa pasi? Wazo la kupunguza mkondo kwa ukinzani ni sahihi, lina zaidi ya miaka mia. Waya ndio si sahihi. Pasi ya wati 1,000 kwa volti 230 ina omu 53. Kwa volti 48 inapitisha chini ya ampea moja. Mota haitaguna hata kidogo. Ukiukata uwe mfupi mpaka ubaki na 0.19 ya omu, ambayo ndiyo unayohitaji ili kuzuia mkondo wa kuanzia kwenye ampea 200, utapata kipande cha sentimita chache ambacho kinatakiwa kibebe joto la kilowati saba na nusu. Kitakatika kabla guta halijatikisika. Vizuizi vya kazi hii ni mabapa mapana ya chuma au koili nene zinazopata hewa, kama zilizokuwa kwenye vigari vya gofu vya zamani, zikiwa mbali na betri na mbali na mguu wa mtu.

Basi una njia gani? Nitakueleza tatu, na nitakuambia ipi mimi ningeichukua.

Ya kwanza ni kontrola ya mota ya mfululizo. Hii inakata na kuunganisha umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kwa kubadilisha muda wa kuunganisha inaipa mota volti kidogo au nyingi kadiri unavyokanyaga ekseleta. Uzuri wake mkubwa watu hawauelezi vizuri. Umeme unapokatwa, mkondo ndani ya koili haukatiki. Unaendelea kuzunguka kupitia dayodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Kwa hiyo kontrola ikiunganisha umeme robo ya muda tu, mota inaweza kupata ampea 200 huku betri ikitoa 50 tu. Unaondoka na nguvu kubwa bila kuichosha betri. Ukitumia kizuizi cha chuma kupata ampea 200 hizohizo, betri inatoa 200 kamili, na nguvu karibu yote inapasha hewa moto. Kontrola inaweka pia kikomo cha mkondo, kwa hiyo gurudumu likikwama, mota haipati 900.

Tafuta iliyotumika, kutoka palepale mota yako ilipotoka: kwa wanaovunja foklifti na vigari vya gofu. Curtis 1204 ni mfano unaojulikana wa ukubwa unaokufaa. Usinunue kontrola ya pikipiki ya umeme yenye nyaya tatu nene za mota. Hiyo ni ya mota zisizo na kaboni, haiwezi kuendesha yako kwa namna yoyote. Na usiamini kontrola peke yake kuzima. Transista zake zikiharibika, mara nyingi zinaharibika kwa kushikana, yaani mota inapata volti zote. Weka kontakta ya DC (swichi nzito inayofungwa kwa koili ya sumaku) inayoendeshwa na ufunguo, fyuzi ya DC karibu kabisa na nguzo chanya ya betri, na plagi kubwa ya kuvuta kwa mkono ambayo dereva anaifikia akiwa amekaa. Ndani ya kontrola kuna kapasita kubwa, vifaa vinavyohifadhi chaji. Ukiunganisha betri ghafla zinachota mkondo na kuchoma meno ya kontakta, kwa hiyo huwekwa kizuizi kidogo cha kuzijaza kwanza. Mwongozo wa kontrola utakuonyesha.

Ya pili ni hatua za volti bila kontrola ya kisasa. Si uzushi. Gari dogo la CitiCar lililotengenezwa Florida, Marekani, kuanzia 1974, katika toleo lake la volti 48 lilikuwa na mota ya mfululizo na hatua tatu: volti 24 kupitia kizuizi, kisha 24 kamili, kisha 48. Betri zilifungwa makundi mawili sambamba kwa mwendo mdogo, na kontakta zikazipanga mfululizo kwa mwendo mkubwa. Wewe ungeweza kufanya hivyo kwa betri zako nne. Kwa volti 24 kizuizi kinachohitajika ni kama 0.08 ya omu, na kinabeba kilowati tatu kwa sekunde chache, jambo ambalo bapa la chuma linaliweza. Shida yake ni kwamba kontakta zinazopanga betri zikishikana au zikifunga kwa wakati usio wake, zinafunga shoti kundi zima. Zinahitaji kufungiana, moja isiweze kufunga mpaka nyingine iwe imefunguka, na anayezipanga awe anajua anachofanya. Ukija kuhesabu bei ya kontakta tatu au nne nzuri za DC, wala hukuokoa pesa nyingi ukilinganisha na kontrola iliyotumika. Na guta tupu bado litakimbia ukiwa kwenye 48. Utabaki kwenye 24 na kujizuia.

Ya tatu, ambayo huenda hukutaka kuisikia, ni kuiuza mota hii na kununua mota isiyo na kaboni pamoja na kontrola yake, kama zinazofungwa kwenye bajaji na guta za umeme. Ni nyepesi, haina kaboni za kubadilisha, haikimbii ikiachiwa mzigo, na vipuri vyake vinazidi kupatikana. Hukuniambia guta lako ni la pedali au ni la injini lenye difu. Kama ni la pedali, mota inayonyanyuliwa na watu wawili haina mahali pazuri pa kukaa pale, na ningekushauri njia hii bila kusita. Kama lina difu na fremu nene, chukua ya kwanza. Foklifti ilizaliwa kubeba, na mota yake ukiitunza itadumu kuliko guta.

Kuna matumizi ambayo mota ya mfululizo hufungwa moja kwa moja kwenye betri bila wasiwasi mkubwa: winchi, stata, pampu ya mafuta ya kunyanyulia uma wa foklifti yenyewe. Tazama kinachofanana kote humo. Mzigo umefungwa kwa gia au kaplingi na hauwezi kuondoka (au, kama kwenye stata, unaondoka kwa sekunde tu), kazi ni ya sekunde au dakika chache, na kontakta ni ya DC iliyotengenezwa kwa hilo. Guta halina hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Kuhusu betri nitasema kwa ukweli wangu: ndizo zitakazokukatisha tamaa kabla ya mota. Kwa ampea 118 mfululizo, betri ya 100 Ah ya asidi haikupi dakika 50 kama hesabu ya shuleni inavyosema. Ikichotwa haraka inatoa kidogo, na hapo ungepata kama nusu saa mpaka iishe kabisa, na kuimaliza kabisa ni kuiua. Habari njema ni kwamba guta lenye uzito wa jumla wa kilo 600, barabara tambarare kwa kilomita 20 kwa saa, linahitaji kama kilowati moja tu, yaani ampea 20 na kitu. Mlima wa kupanda mita 5 kwa kila mita 100 unapandisha hiyo hadi 70. Betri mpya zikitumika nusu tu ya ujazo wake zingekupa kilomita 30 hivi za tambarare. Zako zimetoka kwenye sola na hatujui zimekaa humo miaka mingapi; panga kwa nusu ya hapo mpaka uzipime. Moja ikiwa dhaifu kuliko wenzake, kwenye mfululizo ndiyo inayomalizika kwanza na kuvutwa chini ya sifuri na nyingine tatu. Zijaze, ziache saa kadhaa, pima volti za kila moja, kisha zipime tena zikiwa na mzigo. Inayodondoka peke yake itoe.

Volti 48 hazitakukamata kama umeme wa nyumbani ukiwa na mikono mikavu. Spana ikigusa nguzo mbili ndiyo inayotisha: inawaka nyekundu mkononi mwako. Vua pete na saa ya chuma, zungushia spana utepe uache ncha tu. Betri za asidi zikichajiwa hutoa hewa ya haidrojeni, kwa hiyo wewe mwenye mashine ya welding karakanani, chaji nje au penye hewa, na usichomelee karibu nazo.

Kabla hujatumia hata shilingi, ifungue mota kwenye mfuniko wa kaboni. Komyuteta nzuri ina rangi ya kahawia iliyokolea, sawasawa pande zote, laini ukipitisha kucha. Ukiona vipande viwili vitatu vimeungua weusi na vingine viko safi, kuna koili iliyokatika ndani ya amecha. Ukihisi kipande kimenyanyuka kuliko jirani yake, usiizungushe tena hata kwa volti 12. Angalia kaboni zimebaki urefu gani na kama springi zinazisukuma kwa nguvu sawa. Puliza vumbi la kaboni, maana linapitisha umeme. Ukirudia jaribio, ifunge mota kwa vaisi au boliti kwenye kitu kisichosogea, tumia 12 V tu, sekunde chache, na mtu mwingine ashike waya wa kung'oa. Kupima mkondo tumia klampu mita yenye alama ya DC. Za kawaida za mafundi wa nyumba zinasoma umeme wa kwenda na kurudi peke yake, zitakuonyesha sifuri hata kukiwa na ampea 200.

Kuna mambo ambayo siwezi kuyaona kwa maandishi. Ipeleke kwa fundi anayesuka mota aipime kwa mega (kipimo cha umeme unaovuja) kati ya koili na ganda, akague komyuteta, na kama ina kasoro aiweke kwenye lathi. Hilo ni la lazima kwa mota iliyokaa kwenye vyuma chakavu ikinyeshewa. Kufunga kontrola na kontakta mara ya kwanza, tafuta fundi wa foklifti akae pembeni yako. Wapo Dar es Salaam kwenye maghala na yadi za makontena, na kwa mtu wa Morogoro si mbali. Kama huwapati, mwalimu wa umeme wa magari katika chuo cha VETA anaweza kukusaidia kusoma mchoro. Na ukiona betri imevimba, ukisikia harufu ya mayai yaliyooza, ukiona pete ya cheche za bluu ikizunguka komyuteta nzima, au mota ikinuka vanishi, vuta plagi, usijaribu mara ya pili kuthibitisha.

Niandikie mambo mawili ukishapata nafasi: guta lako lina difu au cheni, na kila betri imesoma volti ngapi ikiwa na mzigo. Kwa hayo mawili naweza kukupangia gia, unene wa nyaya na ukubwa wa fyuzi.